Mpaka wa Maji: Kutoka Mbuga za Igalula hadi Bonde la Msimbazi

Neno ramani lilitujia kwa njia ya bahari. Manahodha wa Kiarabu na Kiajemi walikuwa na vitabu vya kuongozea vyombo, na jina la vitabu hivyo, kwa asili yake ya Kiajemi, lilikuwa na maana ya mwongozo wa njia. Neno mbuga lina historia nyingine. Pwani mtu akisema mbuga, msikilizaji hufikiri uwanda wa majani au pori la wanyama. Lakini katika Unyamwezi na Usukuma mbuga ni kitu mahsusi: ni bonde pana la udongo mweusi wa mfinyanzi, ambalo kiangazi hukauka na kupasuka nyufa, na masika hugeuka maji matupu. Ramani ni elimu ya msafiri anayepita; mbuga ni elimu ya mwenyeji anayekaa. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi elimu hizi mbili zilivyokutana, na zilivyogombana, juu ya jambo moja: mpaka wa maji uko wapi, na nani ana haki ya kuuchora?

Nimechagua kuanzia Igalula kwa sababu ambayo itaonekana baadaye. Igalula ni kata ya Wilaya ya Uyui na stesheni ya Reli ya Kati, mashariki ya mji wa Tabora. Haina mto mkubwa, wala haikupata kutajwa kwa maafa ya gharika. Lakini imekaa katika nchi ambayo misafara ya zamani ilipita ikitoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Tura na Kigwa, vituo ambavyo wasafiri wa karne ya 19 walivitaja kila walipokaribia Unyanyembe, leo ni kata za wilaya hiyo hiyo. Aliyevuka Mgunda Mkali akafika Tura alimshukuru Mungu, kwa sababu alijua kuwa mbele yake kuna vijiji, nafaka na maji.

Nchi hiyo haina milima ya kutisha wala mabonde ya kina. Ni mawimbi mapana ya ardhi, yanayopanda polepole na kushuka polepole, hata mgeni asitambue kama anapanda au anashuka. Mwenyeji hutambua kwa udongo. Juu ya mgongo wa ardhi upo mchanga mwepesi. Chini yake hufuata udongo mgumu usiopenyeza maji. Na chini kabisa ipo mbuga nyeusi. Wasukuma, ndugu wa Wanyamwezi, wana jina kwa kila daraja: luseni, itogolo, mbuga. Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo aliyeitwa Geoffrey Milne, wa kituo cha utafiti cha Amani katika Usambara, alizunguka Tanganyika akiutazama mpangilio huu, akauita katena, yaani mnyororo, kwa maana kila udongo umeshikana na mwenzake kutoka kileleni hadi bondeni. Jina hilo hutumika mpaka sasa katika elimu ya udongo ulimwenguni. Milne alikuwa mtu wa sayansi, na sifa yake ni halali. Lakini msomi wa lugha hana budi kukumbusha kuwa kabla ya mnyororo kupata jina la kitaalamu, kila pete yake ilikwisha kuwa na jina la kienyeji.

Majina hayo hayakuwa mapambo. Yalikuwa ni sheria ya matumizi. Katika nchi inayopata takriban milimita 900 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Novemba na Aprili, nyumba ilijengwa juu, penye mchanga unaonyonya maji. Mtama, uwele na karanga vililimwa kandokando ya makazi. Mbuga iliachwa kwa malisho ya kiangazi. Na baada ya watu wa pwani kuleta mpunga, mbuga ikawa shamba la mpunga. Richard Burton, aliyefika Kaze na mwenzake John Speke mnamo Novemba 1857, aliukuta mpunga umekwisha kulimwa Unyanyembe. Leo mkulima wa Uyui huitengeneza mbuga kwa majaruba, akazuia yale maji ambayo mjenzi wa nyumba angeyakimbia. Kwa mkulima huyo gharika si adui. Ni mgeni aliyealikwa, mwenye msimu wake na chumba chake.

Ardhi nayo ilikuwa na mamlaka. Mtemi alikuwa juu, na chini yake mwanangwa alisimamia kijiji. Mtu aliyetaka kuhamia alionyeshwa mahali pa kujenga. Sitaki msomaji adhani kuwa nausifu utawala ule kupita kiasi. Ulikuwa na dhuluma zake, na watumwa walipita katika njia hizo hizo. Nasema tu kwamba aliyegawa ardhi na aliyeyajua maji alikuwa mtu mmoja, au walikaa kijiji kimoja, na akikosea angelaumiwa na jirani yake asubuhi iliyofuata.

Sasa tuishuke njia ya misafara kuelekea pwani. Wapagazi wa Kinyamwezi wengi walipenda kuondoka baada ya mavuno na kurudi kabla ya kupanda, na kwa hiyo kalenda ya shamba ilikuwa pia kalenda ya njia. Msafiri asiyeiheshimu alilipa. Henry Morton Stanley, akiwa na haraka ya kumtafuta Livingstone, aliingia uwanda wa Makata, magharibi ya Morogoro ya leo, katika masika ya mwaka 1871. Watu wake walitembea siku kadhaa katika matope na maji. Wengine waliugua, na wanyama wakafa. Uwanda huo wa Makata, tunaouita leo Mkata, ulikuwa ni mbuga kubwa iliyokuwa ikifanya kazi yake ya kila mwaka. Stanley aliuandika kama balaa la njia.

Lakini ushahidi mkubwa zaidi aliuandika wakati wa kurudi. Karibu na Morogoro ulikuwako mji wenye boma imara, uliojengwa na Kisabengo kando ya mto Ngerengere, na baada yake ukatawaliwa na binti yake. Wasafiri waliuita Simbamwenni. Mwaka 1871 Stanley aliusifu kwa kuta zake na minara yake. Mwaka 1872, mwezi ule ule wa Aprili ambao tufani kubwa iliipiga Unguja, mvua zilinyesha bara kwa nguvu isiyo ya kawaida. Stanley alipopita tena mwishoni mwa masika hayo, alikuta mto umeichukua kuta ya mbele ya mji pamoja na nyumba zipatazo 50. Kisabengo alikuwa amejenga boma la kuzuia watu, na watu kweli walizuiwa. Mto haukuwamo katika hesabu yake.

Naliona tukio hili kuwa ni la kwanza kuandikwa katika njia yetu ambalo lafanana na mashauri ya leo: mji wenye mamlaka, wenye mali, uliojengwa karibu na maji kwa sababu njema, kwani mto ulileta maji ya kunywa, rutuba na biashara ya misafara. Watu hawajengi mabondeni kwa ujinga. Hujenga huko kwa kuwa bonde huwapa kitu wanachokihitaji kila siku, na huwanyang'anya mara moja katika miaka mingi. Mpango wowote usioanza na ukweli huu utawaona wakazi wa bondeni kuwa wakaidi tu, na hautawaelewa kamwe.

Baada ya misafara ikaja reli. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Kwa sehemu kubwa reli iliifuata njia ya misafara, na kwa kuifuata ilirithi pia mito yake. Baina ya Kilosa na Gulwe njia ya chuma imepita katika bonde la Mkondoa na Kinyasungwe, kwa kuwa bonde ndilo lango la kupandia uwanda wa juu. Mpagazi aliweza kungoja maji yapungue au kuzunguka kilimani. Reli haingoji wala haizunguki. Tangu hapo kila masika makubwa yamekuwa habari ya reli kukatika.

Mvua za Desemba 2009 na Januari 2010 zilileta mfano ulio wazi. Mto Mkondoa ulivunja kingo huko Kilosa, maelfu ya watu wakaachwa bila makazi, na reli ikaharibika hata safari za treni zikasimama kwa miezi kadhaa. Hapa ndipo Igalula inaporudi katika hoja yetu. Mtu wa Igalula hakujenga bondeni. Nyumba yake iko juu ya mchanga, kama nyumba ya babu yake. Lakini siku ile daraja lilipokwenda na maji huko Kilosa, mamia ya kilomita kutoka kwake, mzigo wake ulilala stesheni na bidhaa za pwani zikapanda bei. Mpaka wa maji uliochorwa vibaya mahali pamoja hulipiwa na watu wa mahali pengine ambao hawakuulizwa.

Mwisho wa njia pia, huko Ujiji, maji hayakai mahali pamoja. Mti wa mwembe unaokumbusha kukutana kwa Stanley na Livingstone mwaka 1871 ulikuwa karibu na ufuko wa siku zile. Leo ukumbusho ule uko mbali na maji, kwa kuwa Ziwa Tanganyika lilifunguka katika mto Lukuga mwaka 1878 na kushuka kwa mita nyingi. Baada ya mvua kubwa za mwanzo wa miaka ya 1960 likapanda, likashuka tena, na kufikia mwaka 2024 likapanda hata kuyafikia majengo ya pwani ya Kigoma. Basi hata ziwa, ambalo mchora ramani hulizungushia mstari mmoja wa buluu kana kwamba limesaini mkataba, halina mpaka wa kudumu.

Sasa tufike mwanzo wa reli, Dar es Salaam, kwa sababu huko ndiko mashauri baina ya wenye nyumba na watumishi wa serikali juu ya ramani za mafuriko yalikokuwa makali kuliko pengine popote nchini. Mto Msimbazi huanza katika vilima vya Pugu na Kisarawe, hupita katikati ya jiji, na kuingia baharini karibu na Daraja la Salenda. Bonde lake la chini laitwa Jangwani. Jina hilo lenyewe ni ramani. Waliolitoa hawakuona huko mitaa wala mashamba. Waliona jangwa, ardhi tupu. Mpango wa mji wa mwaka 1949 uliyaacha mabonde wazi kutenga mtaa na mtaa, na ule wa mwaka 1979 uliyahesabu mabonde ya mito kuwa ardhi ya hatari isiyofaa kujengwa. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kuwa serikali haikujua. Ilijua, ikaandika, ikahifadhi kabatini.

Nje ya kabati mji ulikua. Sensa ya mwaka 1967 iliwahesabu watu 272,821 katika Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu 5,383,728. Ni karibu mara 20 katika miaka 55. Viwanja vilivyopimwa havikuweza kuufuata mwendo huo. Mtu aliyetoka Tabora, Kigoma au Lindi kutafuta kazi Kariakoo alihitaji chumba ambacho angeweza kukifikia kwa miguu. Jangwani, Magomeni Suna, Kigogo, Hananasif na Mkwajuni zilikuwa karibu. Alinunua kwa mkono, mbele ya mjumbe na mashahidi. Baada ya muda umeme ukaja, na mita ya maji, na mdai kodi ya majengo. Kwa mwenye nyumba karatasi hizo zote zilikuwa na maana moja: serikali inanijua niko hapa.

Sheria ilikuwa na maana nyingine. Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, iliiweka ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto miongoni mwa ardhi zinazoweza kutangazwa kuwa za hatari. Tena ilitaka kwamba kabla ya tangazo hilo wakaaji wapewe taarifa na nafasi ya kutoa hoja zao. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Namba 20 ya mwaka 2004, ikarudia kipimo kile kile cha mita 60 na kukataza shughuli za kudumu za binadamu ndani yake. Hivyo kiwanja kimoja kilikuwa na hali tatu: ofisi ya kodi ilikihesabu kuwa ni mali, ofisi ya mipango ilikihesabu kuwa ni wazi, na ofisi ya mazingira ilikihesabu kuwa ni haramu.

Desemba 2011 mto ukatoa hukumu yake. Mvua iliyonyesha jijini katika siku chache ilikuwa kubwa kuliko zilizopimwa kwa zaidi ya nusu karne, na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha. Familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande, kaskazini ya jiji. Wengine walibaki huko. Wengine walirudi bondeni, kwa kuwa kiwanja kilikuwa Mabwepande lakini riziki ilikuwa Kariakoo. Desemba 2015 zikaja tingatinga. Nyumba zilipigwa alama nyekundu ya X na kubomolewa katika mabonde, wengine wakilala nje pamoja na watoto wao. Mwanzoni mwa mwaka 2016 Mahakama Kuu, Divisheni ya Ardhi, ilitoa zuio la muda kwa kundi la wakazi waliofungua shauri. Mwaka huo huo wa 2016 mabasi yaendayo haraka yalianza kazi, na karakana yake kubwa ilikuwa imejengwa wapi? Jangwani, katikati ya bonde lile lile. Mara kadhaa katika miaka iliyofuata mafuriko yaliingia karakana hiyo na mabasi yakaharibika.

Sielezi hili kwa kejeli. Walioijenga karakana walikuwa na sababu ile ile ya mpangaji wa chumba cha Suna: ardhi ilikuwa tupu na karibu na kazi. Lakini tofauti katika kutendewa ilionekana na kila mtu. Mwenye kibanda aliambiwa kuwa amevunja sheria ya maumbile. Karakana ya mabasi iliitwa maendeleo. Mtumishi wa serikali anayetaka mwananchi aiheshimu ramani lazima kwanza aiheshimu yeye mwenyewe, maana ramani inayomfunga mmoja na kumwachia mwingine haiaminiwi hata inaposema kweli.

Na kweli mara nyingi ilisema. Hapa yafaa kuwatendea haki maofisa. Aliyepokea maiti za Desemba 2011 hakuhitaji kufundishwa nadharia. Kila mwaka aliochelewa kuwahamisha watu ulikuwa ni mwaka wa kucheza na roho zao. Na kila nyumba aliyoifumbia macho ilimvuta jirani mwingine bondeni. Ukali wake ulikuwa na mantiki ya daktari akatae kidonda. Kosa halikuwa katika kutaka kuokoa maisha. Lilikuwa katika kipimo, katika njia, na katika malipo. Nitayaeleza moja moja.

Kwanza, kipimo. Mita 60 ni urefu wa kamba, na maji hayapimi kwa kamba. Hupima kwa kimo. Penye ukingo mrefu, nyumba iliyo mita 30 kutoka mtoni yaweza kukaa miaka mia bila kulowa. Penye uwanda, nyumba iliyo mita 300 yaweza kufunikwa. Mwulize mkulima wa Igalula mita 60 zinaanzia wapi katika mbuga yake: mbuga haina ukingo. Ina mteremko mdogo ambao udongo wake hubadilika rangi, na mahali rangi inapobadilika ndipo mpaka ulipo. Sheria yetu iliandikwa kwa ajili ya mto wenye kingo, ikatumiwa katika bonde lililo kama mbuga. Tena kitanda cha Msimbazi kimekuwa kikipanda kwa mchanga unaoletwa kutoka vilimani na kwa takataka za jiji, na mvua inayoanguka juu ya mabati na lami haina pa kuzama. Kwa hiyo mtu aliyejenga nje ya maji katika miaka ya 1970 alijikuta ndani ya maji katika miaka ya 2010. Yeye hakuhama, maji ndiyo yaliyomhamia. Kumwita mvamizi ni kumsingizia.

Pili, njia. Kuanzia mwaka 2015 kazi iliyoitwa Ramani Huria iliwapeleka wanafunzi wa vyuo vikuu vya Dar es Salaam mitaani, pamoja na wakazi, kuchora mitaro, vichochoro na nyumba katika kata zinazofurika. Walitumia vyombo vya angani na vya satelaiti, lakini walitumia pia swali la zamani kuliko vyombo vyote: maji yalifika wapi? Mkazi alionyesha alama ukutani, au magoti, au kiuno. Kwa mara ya kwanza mtu wa bondeni aliingia katika ramani akiwa shahidi, badala ya kuwa nukta ya kufutwa. Mwaka 2018 ukaanza mjadala mrefu wa pamoja uliozaa mpango wa bonde zima, na Septemba 2022 Benki ya Dunia ikaidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Msimbazi. Mpango huo unataka mto upewe nafasi yake: uchimbwe na kupanuliwa, pawe na hifadhi ya jiji katika ardhi ya chini, daraja la Jangwani liinuliwe, na karakana ya mabasi ihamishwe. Kwa lugha ya Unyamwezi, mpango wasema kuwa mbuga iwe mbuga tena.

Tatu, malipo, na hapa ndipo maneno yalipokuwa mazito. Watathmini walipopita, waliweza kuthamini jengo; lakini ardhi, kwa kuwa ni ya hatari kisheria, ilionekana haina thamani ya kulipwa. Wenye nyumba ndogo za udongo waliona tarakimu ambazo zisingenunua hata kiwanja pembezoni mwa jiji. Walilalamika, wakakutana na maofisa, na mwaka 2023 serikali ikakubali kuongeza shilingi milioni 4 kwa kila nyumba kwa ajili ya ardhi. Kwa mtu aliyeishi hatua chache kutoka Kariakoo fedha hizo ni kidogo. Lakini kwa mwanahistoria ni jambo kubwa kuliko kiasi chake. Mwaka 2015 mtu wa bondeni alibomolewa bila kulipwa chochote, kwa hoja kuwa hana haki. Mwaka 2023 serikali ile ile ya nchi ile ile ilikiri kwa fedha kwamba aliyekaa miaka mingi mahali palipotozwa kodi ana kitu cha kudai, hata kama karatasi hazikumtimizia.

Watu wa Unyamwezi wanaijua vizuri habari ya mistari inayotoka ofisini. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Kiingereza iliwakusanya katika makazi ya pamoja ili kuwaepusha na malale. Sababu ilikuwa ya kweli na maisha yaliokolewa. Lakini mashamba ya zamani yaliachwa na pori likayarudia. Mwaka 1963 utawala wa watemi ulikoma kisheria. Kati ya mwaka 1973 na 1976 watu wakahamishwa tena, mara hii kwa vijiji vya ujamaa, na mara nyingi barabara ndiyo iliyoamua mahali pa kijiji kuliko udongo. Kila mara nia ilielezwa kuwa njema, na kila mara swali la mwanangwa wa zamani, maji hukaa wapi hapa, liliulizwa kwa kuchelewa. Sasa Reli mpya ya Kisasa, iliyofika Dodoma kwa safari za abiria mwaka 2024, na ambayo mkataba wake wa kipande cha Makutupora hadi Tabora ulitiwa saini Desemba 2021, inaelekezwa katika nchi hiyo hiyo ya Uyui. Mstari mwingine unachorwa. Tuta la reli likipita juu ya mbuga laweza kuwa daraja, na laweza kuwa boma la Kisabengo. Hutegemea makalvati yake na aliyeulizwa kabla ya kuyaweka.

Nini basi tunajifunza? Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini Simbamwenni yatufundisha kuwa ziko nyufa ambazo ukuta hauzizibi. Ramani mpya ya mafuriko haiwezi kuwa karatasi ya mwisho. Itabadilika kila mji unapopanuka, kila kilima kinapokatwa miti, kila mvua zinapozidi. Kwa sababu hiyo haitoshi kuichora vizuri. Yapasa pia kuandika mapema nani atalipa siku mstari utakapohama. Kama gharama yote humwangukia mwenye nyumba, kila mwenye nyumba atakuwa adui wa ramani, atang'oa nguzo za mpaka usiku, na atamkaribisha mpangaji asiyejua. Kama ofisi iliyopokea kodi yake, na mji uliomwaga maji yake na taka zake juu yake, vitabeba sehemu yao, yeye mwenyewe atakuwa wa kwanza kumwonyesha mpimaji alama ukutani.

Nimesema kuwa zamani aliyegawa ardhi na aliyeyajua maji walikaa kijiji kimoja. Hatuwezi kuurudisha ulimwengu ule katika jiji la watu zaidi ya milioni tano, wala hatuna haja. Lakini twaweza kulitaka lile lililokuwa jema ndani yake: kwamba anayechora mpaka amwangalie usoni anayeishi juu yake. Masika yakianza mwezi wa Novemba, mkulima wa Igalula atashuka mbugani na jembe, atengeneze majaruba yake, kisha jioni apande kurudi nyumbani kwake juu ya mchanga. Haitaji kuonyeshwa njia. Mjini, mtu anayepewa amri ya kupanda lazima aonyeshwe, kabla ya maji, mahali pa kupanda palipo na kazi, na shule, na hati yenye jina lake.